Pima Mbili za Vitalis

Mianzi minane iliteremshwa kutoka juu ya basi la kwanza la Newala, na kila mtu aliyekuwa stendi ya Masasi asubuhi ile akapata sababu ya kuinama. Utingo alishika ncha moja, Sijaona akashika ya pili, na kila alipogeuka huku, huko nyuma mtu alipiga yowe. Mama wa maandazi alikumbatia beseni lake. Dereva wa bodaboda alivaa kofia ngumu ingawa pikipiki ilikuwa imezimwa.

"Dada, unajenga mnara wa simu?" utingo akauliza.

"Naenda kuvua."

"Kuvua nini, nyota?"

Sijaona alikuwa ameshaanza kupima. Aliulaza mwanzi mmoja chini, akatandaza mikono yake kuanzia kwenye shina. Pima moja. Akasogea, akatandaza tena. Pima mbili. Mwanzi ukawa bado unaendelea mbele, umetulia kabisa, mpaka chini ya meza ya muuza chai. Akatoa simu.

"Shikamoo, Baba Agnes."

"Marahaba, mwanangu! Mianzi imefika?"

"Imefika, Baba Agnes, asante sana. Lakini mbona mirefu? Niliomba pima mbili."

"Ndiyo hizo. Pima mbili kamili, wala sikukupunja. Nimepima kwa mikono hii hii yangu."

Hapo ndipo Sijaona alipomkumbuka Vitalis jinsi alivyo. Vitalis alikuwa fundi wa ngazi kule Newala, na Agnes, binti yake, aliyesoma na Sijaona chuo cha uvuvi, alikuwa akisema kwamba baba yake hutengeneza ngazi za watu wengine tu, maana yeye mwenyewe hana haja nazo. Sijaona alimfikia Agnes begani, na Agnes alimfikia baba yake kifuani. Sijaona cheti cha uvuvi anacho, kina muhuri na picha, na katika kuagiza mianzi amesahau kusema mikono ya nani.

Angeweza kulia. Badala yake kicheko kilimpanda kutoka tumboni, kile kicheko cha mtu aliyeteleza mbele ya kadamnasi, akacheka mpaka utingo naye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Saa moja na nusu alitakiwa awe bwawani, na bwawa zima lilikuwa linaitegemea mianzi hii.

Mambo yalikuwa hivi. Bwawa la Nangumbi, upande wa Lisekese, hukauka kila mwaka ifikapo Oktoba, mpaka maji yanabaki ya magoti pembeni na ya kiuno katikati. Perege wote hujazana humo. Basi kila mwaka siku moja huburutwa wavu mkubwa kutoka ukingo hadi ukingo, na kila kitu chenye mapezi hutolewa, hata vifaranga vya ukubwa wa kidole. Siku hiyo kijiji hula samaki. Halafu mvua zikija, bwawa hujaa maji matupu, na watoto huanza kuuliza samaki walikwenda wapi.

Sijaona hakutaka kumwita bwana samaki wa serikali aje na sheria zake. Alitaka kijiji chenyewe kione. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama, akasema kwamba kwa ndoana tu, bila wavu, angeweza kutoa samaki wakubwa wa kutosha na kuwaacha wadogo wakue. Watu walicheka. Mzee Abdulkadiri, mwenyekiti wa kamati ya bwawa, hakucheka. Alisema, "Kijiji kina kaya arobaini na moja. Nipe samaki arobaini na mmoja, kila kaya mmoja, kabla ya adhana ya adhuhuri siku ya Jumamosi. Ukiwapata, wavu hauingii mwaka huu. Ukiwakosa, unaingia Jumamosi hiyo hiyo."

"Na wawe samaki, siyo dagaa!" akapaza sauti Mujibu, mwenye wavu.

Mujibu alikuwa mtani wake. Koo zao zilitaniana tangu enzi za mababu, na mtani wako akikutukana mkutanoni hununi, unamrudishia. Kwa hiyo Sijaona alimfuata alipokaa, akakamata mkono wake, ule mkono mpana kama jani la mgomba, akauinua juu watu wote wauone.

"Kila samaki shubiri moja," akasema. "Na siyo shubiri yangu. Shubiri ya mkono huu; kipana kuliko huu hapa kijijini ni jembe tu!"

Mkutano ulilipuka kwa vicheko, na mapatano yakawa yamefungwa.

Njia yenyewe aliiona kwenye simu. Watu wa nchi ya mbali walikuwa wamekaa mbele ya mashua, fimbo nane zimetandazwa mbele yao kama miguu ya buibui, mashua ikisogea taratibu na kila fimbo ikining'iniza mshipi wake wima majini. Sijaona alitazama video ile mpaka bando likaisha. Kisha alitengeneza chelezo kwa mapipa manne ya plastiki na mlango wa zamani, akapigilia mbele ubao wenye meno manane ya kushikilia fimbo. Mara ya kwanza alijaribu kwa fito za uzio, fupi na nyepesi, za kushikika vizuri. Hakuna aliyegusa chambo. Maji ya magoti hayana pa kujificha. Perege walikiona chelezo kikija, wakafungua njia pande zote mbili, kama watu wanaompisha mtu aliyebeba ndoo ya chokaa. Akachomeka vijiti kwenye tope kuona wanakimbilia umbali gani. Kutoka ukingo wa chelezo, walitulia kwenye pima moja na nusu. Ndiyo maana aliagiza mianzi ya pima mbili, nusu pima ikiwa ya kushikia.

Sasa alikuwa nyuma ya bodaboda na mianzi ya pima za Vitalis begani, ikitokeza mbele ya taa na nyuma ikichora mchanga, na sokoni watu walikuwa wakifungua njia kama perege wale wale.

Bwawani palikuwa pamejaa. Wanawake walikuja na mabeseni, maana samaki wangepatikana tu, kwa ndoana au kwa wavu. Wavu wa Mujibu ulikuwa umerundikwa ukingoni kama ng'ombe aliyelala, na Mujibu mwenyewe alikuwa ameukalia.

"Haya, mtani!" akaita. "Naona umeleta na nguzo za umeme. Tutapata na taa?"

"Wewe hata ukiwekewa taa hutaona, mtani. Macho yako yanaona dagaa tu."

Leonia alikuwa ameshafika. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Bukoba, na ndiye aliyekubali kusukuma chelezo kwa upondo, mti mrefu wa kukita chini ya maji, kwa kuwa alikulia ziwani na hakuna maji yaliyomtisha. Alipoiona mianzi alishika kiuno.

"Sijaona! Hiyo ni ya kuvulia ukiwa umekaa nyumbani!"

"Nipe msumeno," Sijaona akasema.

Alikata mmoja upande wa shina, ukabaki pima mbili za mikono yake. Aliupima uzito mkononi. Ulikuwa mwepesi, mzuri, vile alivyouwaza. Akashika wa pili, msumeno ukagusa ganda, akasita. Mwanzi ule ulikuwa umenyooka kutoka shina hadi ncha bila fundo baya hata moja. Vitalis alitembea makorongo ya Newala kuutafuta, akaukausha, akaunyoosha kwenye moto, akakataa hata kutajiwa malipo. Mkono wake ulikataa. Na muda nao ulikuwa unakwenda.

"Itabaki hivyo hivyo," akasema. "Saba mirefu, mmoja mfupi."

Walifunga mishipi mifupi, kila mmoja na chubwi lake dogo la risasi la kuuvuta chini na ndoana yenye mnyoo. Wakaipanga mianzi kwenye meno ya ubao, ikatanuka mbele kama buibui anayenyoosha miguu asubuhi. Ukingo mzima ulishangilia. Leonia akapanda, Sijaona akapanda akaketi mbele, na chelezo kikainamisha pua taratibu, kwa heshima zote, kikaingiza ubao wote majini. Kopo la minyoo likaanza kuelea.

Watu walicheka mpaka mabeseni yakaanguka.

Sijaona alirudi nyuma, pua ikainuka. Akaenda mbele, pua ikazama. Mianzi ilikuwa mirefu mno, ikivuta mbele kama watu saba walioshika mkono wa mtu mmoja. Alihitaji uzito nyuma. Jiwe lingeviringika, na gunia la mchanga hapakuwa nalo. Alitazama ukingoni, na macho yake yakatua juu ya kitu kizito kuliko vyote vilivyokuwepo, kimekaa juu ya wavu, kikifuta machozi ya kicheko.

"Mtani!" akaita. "Miaka yote unajisifu una uzito kijijini. Njoo tuuone."

Kicheko cha Mujibu kilikatika katikati.

"Mimi? Nikusaidie wewe kunishinda?"

"Usinisaidie. Kaa tu. Gunia la mpunga huwa linasaidia? Linakaa. Au unaogopa maji ya magoti?"

Mzee Abdulkadiri alifunika mdomo kwa kanzu. Wanawake walianza kupiga vigelegele. Mtani aliyeitwa mbele ya watu na kukataa angetaniwa mpaka kwenye matanga yake, na Mujibu alilijua hilo. Alivua kandambili, akapandisha suruali, akaingia majini akinung'unika, akajibwaga nyuma ya chelezo. Pua ikapanda juu, ikatulia sawasawa. Mianzi minane ikaelea hewani, ncha zake zikitetemeka juu ya maji.

"Na kazi yako ni kupima," Sijaona akamwambia. "Shubiri ni yako."

"Nitapima, tena bila huruma," akasema Mujibu.

Leonia akasukuma.

Kwa muda mrefu hapakutokea kitu. Chelezo kilikwenda polepole kando ya matete, maji yakiwa safi kiasi kwamba Sijaona aliona michoro ya matope chini. Mbele, aliwaona perege. Nao perege wakawaona, wakarudi nyuma, wakarudi tena. Akahesabu kwa macho vile vijiti vyake vya zamani, na samaki walikuwa wamevipita. Siku ya majaribio alikuwa peke yake. Leo chelezo kilibeba watu watatu, na mmoja wao Mujibu, na kilisukuma maji mbele yake kama mlango unaofunguliwa. Samaki walisimama mbali zaidi. Walisimama karibu pima mbili na nusu.

Mwanzi mfupi, ule alioukata, ulikuwa umening'iniza mnyoo mahali patupu kabisa.

Na ile saba ilikuwa imefika.

Ncha ya mwanzi wa pili kutoka kushoto ikaitikia. Ikainama, ikainuka, ikainama tena kama mtu anayekubaliana na mahubiri. Sijaona akaunyanyua, na perege akatoka majini akimetameta, akizunguka juu ya vichwa vyao, akiwarushia maji wote watatu.

"Mmoja!" ukingo ukapiga kelele, na Mzee Abdulkadiri akatumbukiza korosho moja kwenye kibakuli chake cha kuhesabia.

"Bado," akasema Mujibu. Akamkamata samaki, akatandaza mkono. Perege alizidi kidole kidogo kwa ukucha. Mujibu akashusha pumzi. "Haya. Mmoja."

Baada ya hapo hawakupata nafasi ya kupumua. Mianzi miwili iliitikia kwa pamoja, kisha mitatu. Sijaona alinyanyua huu, akachomoa ndoana, akamrusha samaki nyuma bila kugeuka, na nyuma Mujibu akamdaka, akampima, akatangaza hukumu. "Sawa!" au "Dagaa huyu, arudi kwa mama yake!" na kumtupa majini. Mwanzoni alikuwa akiwarudisha wadogo kwa furaha kubwa. Sijaona hakubisha hata mara moja. Leonia alisukuma huku akiimba wimbo wa kwao ambao hakuna aliyeuelewa na ambao ukingo mzima uliuitikia. Ncha ndefu za mianzi zilikuwa ngumu kuzirudisha. Mara mbili mishipi ilisokotana, mara moja ndoana ilinasa kofia ya Mujibu ikaipeleka juu hewani, ikining'inia kati ya perege wawili, na watu wakaihesabu.

"Kumi na tisa!"

"Hiyo ni kofia!"

"Ipimwe!"

Kuna jambo Sijaona hakulitegemea. Kwenye samaki wa ishirini na kitu alisikia sauti nyuma yake, ndogo, kama ya mtu anayeongea usingizini.

"Huo wa kulia. Wa mwisho kulia. Huo, huo..."

Aligeuka. Mujibu alikuwa ameinama mbele, macho yamemtoka, akitazama ncha za mianzi.

"Sikusema kitu," Mujibu akasema.

"Kaa nyuma, mtani, tunazama."

"Nimekaa. Lakini ule wa kulia unaliwa, wewe mtoto, huoni?"

Alipounyanyua akatoka perege mkubwa kuliko wote, mweusi mgongoni, na Mujibu akapiga ukelele uliowarusha kunguru kutoka kwenye miti. Tangu hapo hakunyamaza. "Wa tatu! Usivute kwa nguvu! Leonia, polepole, mwalimu, usimwamshe mwenzake!" Alipompima samaki na kumkuta mfupi, sasa alimgeuza-geuza kwanza, akimvuta mkia kidogo, kabla ya kumrudisha kwa huzuni.

Jua lilipanda. Mawe makubwa ya milima ya Masasi yalianza kucheza katika joto. Mikono ya Sijaona ilikuwa imechoka mpaka ikawa kama ya mtu mwingine, na hakujali. Kila ncha ilipoinama, kitu ndani ya kifua chake kiliinama nayo kikainuka. Thelathini. Thelathini na nne. Walizunguka matete yote, wakarudi walikotoka. Thelathini na tisa. Kisha samaki wakapoa, maji yakawa ya moto, na mianzi ikakaa kimya muda mrefu.

Arobaini alikuja akiwa amenaswa pembeni ya mdomo, akakaribia kuchomoka. Mujibu alimkumbatia kifuani kama mtoto.

Kutoka upande wa msikiti, kipaza sauti kikakohoa.

"Bado hajaanza!" akapiga kelele Mujibu. "Huyo anasafisha koo tu! Mohamedi siku zote husafisha koo mara tatu! Sukuma, mwalimu!"

Kipaza sauti kikakohoa mara ya pili. Na mwanzi mfupi, ule uliokatwa, ambao haukuwa umegusa kitu asubuhi nzima, ukaitikia.

Sijaona aliuvuta. Perege akatua mapajani mwake. Akatandaza mkono wake mwenyewe juu yake, haraka haraka, na samaki akazidi.

"Arobaini na mmoja!" ukingo ukalipuka. Mabeseni yakagongwa. Mtu akaanza ngoma kwenye dumu. Sijaona aliinua samaki juu, akicheka, machozi yakimtoka. Kisha akautazama mkono wake. Ulikuwa mkono mdogo, mkono ule ule uliopima mianzi stendi.

Akamgeukia Mujibu, akampa samaki.

Mujibu alitandaza kiganja taratibu. Kidole kidogo kilipita mkia kwa upana wa punje ya mchele. Hakuna aliyeona isipokuwa wao watatu, maana watu walikuwa mbali, wakicheza.

"Yumo," akasema Mujibu kwa sauti ya chini, bila kumtazama.

"Hayumo, mtani."

"Mkono wangu umevimba kwa maji. Yumo, nakwambia."

Leonia aliacha kusukuma. Sijaona alimtazama perege yule, mapezi yake yakikunjuka na kukunjika, mdogo kidogo tu, aliyebakiza msimu mmoja wa mvua kufikia kipimo. Wote wadogo waliorudi asubuhi ile walikuwa humo chini. Kama angembakiza huyu, ahadi yake ya mkutanoni ingekuwa na maana gani?

Akamchukua, akainama, akamwachia majini mbele ya watu wote.

Dumu likanyamaza. Mabeseni yakanyamaza. Kipaza sauti kikakohoa mara ya tatu, na Mohamedi akaadhini.

Adhana ilipokwisha, chelezo kiligusa ukingo. Mzee Abdulkadiri alikuwa amesimama, kibakuli cha korosho mkononi, na uso wake ulikuwa na huzuni ya mtu anayelazimika kushika neno lake.

"Arobaini," akasema. "Mwanangu, umejitahidi sana. Lakini kaya moja haina samaki."

Sijaona aliinamia rundo la samaki, akaanza kuwahesabu upya.

Mujibu akashuka kwenye chelezo. Pua ikazama papo hapo, mianzi minane ikapiga maji, na hakuna aliyecheka. Alitembea mpaka kwenye wavu wake, maji yakimchuruzika, akausimamia.

"Mwenyekiti," akasema, "kaya ipi haina samaki?"

"Sijui. Yoyote."

"Basi ni ya kwangu. Na samaki wangu ninaye. Mmemwona nyote, amerudishwa sasa hivi mbele ya macho yenu. Yumo humo, anakula, anakua." Akainua mkono wake mpana, akautandaza juu. "Nitamfuata mwakani akishafika hapa. Sasa namtaka mtu aje aniambie anatia wavu ndani ya bwawa lenye samaki wangu! Nani? Asimame!"

Mzee Abdulkadiri akaanza kucheka, mabega kwanza, halafu tumbo, kibakuli kikatetemeka na korosho zikaanza kuruka nje moja moja. Kicheko kikamtoka, kikapita ukingo mzima, na vigelegele vikapanda mpaka ng'ambo ya matete. Wanawake walimiminika kwa mabeseni. Leonia alimnyanyua Sijaona juu juu kama kifurushi, akamzungusha.

"Mtani wangu ameniua," Mujibu alikuwa akimwambia kila aliyepita, akiukunja wavu. "Ameniua, na mimi ndiye niliyemshikia kisu."

Alipomaliza kuukunja alimwendea Sijaona, aliyekuwa amekaa kwenye nyasi akicheka peke yake, mikono imelala mapajani kama si yake.

"Huyo fundi wako wa Newala," akasema. "Mpigie. Nami nataka mmoja."

Sijaona akatoa simu. "Wa urefu gani?"

"Pima mbili," akasema Mujibu. "Ila mwambie apime yeye."